Niulizeni kuhusu Jumatano

Swali lenu la wiki limeninyima usingizi. Mmeuliza: "Baada ya shambulio la kigaidi, jamii huungana vipi?" Najua mtakayojibiwa. Tulitoa damu, tulichanga pesa kwa M-Pesa, tuliwapelekea askari chai, tuliwasha mishumaa. Yote ni kweli. Septemba 2013, magaidi waliposhambulia jumba la maduka la Westgate hapa Nairobi, mimi mwenyewe nilipanga foleni nikatolewa damu, na pale Oshwal Centre niliona akina mama wa Kihindi wakiwapakulia chakula watu wasiowajua hata kwa sura. Sibishi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mmeuliza kuhusu siku rahisi. Kuungana Ijumaa, siku ya bomu lenyewe la 1998, kila mtu anaweza. Niulizeni kuhusu Jumatano.

Mwaka 1998 nilikuwa makanga wa matatu ya Nissan ya njia ya Ngong. Steji yetu ilikuwa Reli, ng'ambo tu ya barabara ya Haile Selassie kutoka ubalozi wa Marekani. Waziri Michuki alikuwa bado hajatuletea sheria ya mikanda wala mstari wa manjano, tulipakia mpaka mlango ukatae kufunga. Ijumaa ile, tarehe 7 Agosti, saa nne na nusu ilikuwa imepita kidogo na nilikuwa nimebakiza watu wanne gari lijae. Nikasikia mlio, nikadhani lori limepasua tairi. Ndio mlio uliowafanya watu wa maofisini wakimbilie madirishani kutazama kuna nini. Kisha likaja bomu lenyewe, na vioo vyote vikawarudi usoni. Wengi waliopoteza macho siku ile waliyapotezea dirishani.

Nairobi tulizika watu 213. Dar es Salaam, ambako ubalozi wa Marekani ulilipuliwa asubuhi ile ile, walikufa 11. Majeruhi wa huku kwetu walizidi 4,000, na hakuna jiji lenye ambulansi za kuwabeba watu hao wote. Walibebwa na nini? Na pikapu, teksi, magari ya watu binafsi, na sisi.

Sikumbuki nani aliamua. Abiria walishuka bila kuambiwa, dereva akageuza gari, tukaanza kupakia. Pale steji palikuwa na kijana mmoja chokoraa, miaka kumi na minne hivi, aliyekuwa akishinda na chupa yake ya gundi. Kila asubuhi nilimfukuza asisumbue abiria. Siku hiyo aliificha chupa ndani ya mkono wa sweta, akawa anashika watu miguu na mimi nashika mabega, tunawaingiza. Hatukusemezana. Alijua tu lini ainue na lini asubiri.

Tulikwenda hospitali ya Kenyatta mara tatu. Safari ya pili ndiyo isiyonitoka. Kiti cha nyuma ya dereva tulimkalisha mzee wa makamo, tai bado shingoni, shati la mtu mwingine limefungwa machoni pake. Alinishika kifundo cha mkono akauliza, "Kijana, tumefika wapi?" Nikamwambia tuko kwenye mzunguko wa Uhuru Highway. Nusu dakika, akauliza tena. Nikaona huyu hataki kujua njia, anataka kusikia mtu. Basi nikaanza kumwitia steji, zile zile ninazoita kila siku, ila kwa sauti ya chini: Community hii, mzee. Sasa tunakata kona. Hii ni Hospital Road. Kenyatta inashuka. Kila nikiita, ananibana mkono kidogo, kama abiria anayesema amesikia. Yule chokoraa alikuwa amening'inia mlangoni akipiga bodi ili magari yatupishe. Ilikuwa kazi yangu, na aliifanya vizuri kuliko mimi.

Katika safari hiyo hiyo, mama mmoja aliyevunjika mkono alifungua pochi kwa mkono mzima, akatoa noti, akaninyooshea. Nauli! Na mimi, Mungu anisamehe, mkono wangu ulinyooka kuipokea. Mazoea. Niliurudisha, lakini aliuona ukinyooka na mimi nilimwona akiuona. Miaka yote hii nikisikia mtu anasema "siku ile sote tulikuwa kitu kimoja", ninaukumbuka mkono huo.

Jioni tuliosha gari mpaka giza likaingia. Zulia lilikataa kutakata, tukaling'oa. Jumamosi asubuhi mwenye gari akaja na swali moja: hesabu ya jana iko wapi? Dereva hakumjibu, alimfungulia mlango tu. Mwenye gari alichungulia ndani, akakaa kimya kitambo kirefu, akaondoka. Mchana akaleta zulia jipya. Wiki mbili baadaye akaanza kutukata pesa ya zulia hilo kidogo kidogo. Nawaapia, ni mtu yule yule, na nadhani mara zote mbili alikuwa mkweli.

Jumatatu tulirudi steji. Jumatano yule kijana akaja, akashika mlango wa gari, pengine alitaka tu kupiga bodi kama siku ile. Gari lilikuwa na abiria, na mama mmoja alikuwa ameshaziba pua. Nikamwambia maneno yale yale niliyokuwa nikimwambia kabla ya Ijumaa. Hakubisha. Akashuka. Jina lake sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo nilipokaa kuandika, nilitaka kuwaambia kwamba umoja wetu ni wa siku tano na mwenye kuuvunja ni mimi na wewe. Mifano ninayo. Novemba 2012 matatu ililipuliwa Eastleigh, na kesho yake majirani wakawageukia Wasomali, wakawarushia mawe na kuvunja maduka. Huo nao ulikuwa umoja, msisahau, watu walikuwa bega kwa bega. Miezi saba baada ya ile "Tuko Pamoja" ya Westgate, Aprili 2014, maelfu walikamatwa katika msako, wengi wao Wasomali, wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Wangapi tulipanga foleni kwa ajili yao? Mimi sikupanga.

Lakini nimefika hapa nikakumbuka basi la Mandera, kule mpakani na Somalia, na kalamu imekuwa nzito. Novemba 2014 basi lilisimamishwa kule na magaidi, wasafiri 28 wasiokuwa Waislamu wakatengwa na kuuawa. Desemba 2015 basi jingine likasimamishwa, watu wakaambiwa vile vile: Waislamu huku, Wakristo kule. Safari hii abiria Waislamu wakakataa. Wengine waliwavika wenzao mavazi yao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki Januari. Hapakuwa na kamera wala foleni, na walijua vizuri lililotokea mwaka uliotangulia. Mtu wa kutukata pesa ya zulia hafanyi hivyo. Au pengine hufanya, siku yake ikifika. Mimi ni nani nijue.

Labda nimewadai watu wasichokiweza. Hakuna anayeweza kuishi kila siku kama Ijumaa ile, magari yangelala na watoto wangelala njaa. Kinachotakiwa kudumu basi kisiachiwe moyo, kiandikwe. Hapo ndipo hasira yangu inapobaki. Sudan, iliyoshtakiwa kuwahifadhi waliotulipua, ilipokubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya mashambulio yale ya 1998 na mengine, hesabu ililenga Wamarekani na waliokuwa wafanyakazi wa balozi zao. Msichana aliyekuwa jumba la Ufundi, lililoporomoka jirani na ubalozi, akijifunza kupiga taipu hakufanya kazi ubalozini. Mpita njia wa Haile Selassie naye hakufanya. Leo pale lilipokuwa jengo la ubalozi kuna bustani nzuri na ukuta wenye majina. Nimeingia mara kadhaa. Nilitafuta jina la yule mzee nikakumbuka kwamba silijui, na kwamba hata kama nilimfikisha hospitali hai, sikurudi kuuliza kama aliona tena.

Basi jibu langu, na silo nililokusudia: ndiyo, tunaungana, na ni kweli hata kama ni kwa siku tano. Sitaki tena kuita uongo kitu nilichokishika mabega. Ila naandika kama mtu aliyekuwa nje ya jengo na aliyelala kwake usiku ule. Waliokuwa dirishani wakiwaandikia tofauti, chapisheni yao kwanza.