Kadi imeandika "black tie", nivaeje? Maswali yenu ya mavazi ya usiku

Dada, nimealikwa dina ya kampuni, kadi inasema "black tie". Nina suti ya bluu na tai nyeusi, si inatosha?

Hapana kaka yangu, hapo ndo wengi wanaponzwa na jina. Sio tai tu, ni vazi zima: taksido, shati jeupe, tai ya kipepeo nyeusi, viatu vyeusi vinavyong'aa. Taksido utaijua kwa satini kwenye kola na mstari wa satini ubavuni mwa suruali, suti ya kawaida haina. Jina la taksido limetoka Tuxedo Park, sehemu ya matajiri jimbo la New York, walianza kuvaa vazi hilo huko miaka ya 1880. Huna? Kodi, maduka ya suti za maharusi wanakodisha, ila nenda siku tatu nne kabla maana mikono ya koti inakuwaga mirefu na fundi anataka muda, usije ukaenda jioni yenyewe ukaishia kukunja mikono. Ikishindikana kabisa, suti nyeusi. Ya bluu iache.

Kanzu je?

Vaa! Hata Stockholm kwenye dina ya tuzo za Nobel, kila tarehe 10 Desemba, ambako wanaume wanavaa koti lenye mkia na tai nyeupe, vazi la taifa la mtu linaruhusiwa. Kanzu nyeupe iliyonyooshwa vizuri, koti juu, kofia ya mkono, makubadhi, hapo umevaa kweli na wala usijione mnyonge mbele ya mtu.

Send-off ya wifi yangu iko Jumamosi, nimeshona gauni refu la krimu. Nivae?

Mpenzi, muulize kwanza yeye anavaa rangi gani, krimu kwenye picha za usiku inatoka nyeupe kabisa na ile ni siku yake. Alafu hilo gauni umelipima ukiwa na viatu? Fundi apime pindo ukiwa umevaa hivyohivyo viatu vya kuchuchumia utakavyovaa, nakusihi. Niliona dada mmoja akikanyaga pindo wakati wanaingia ukumbini wanacheza, zipu ikaachia mgongoni mbele ya wakwe, akalia mpaka wanja ukaisha, mie nikavua mtandio wangu nikamfunga. Kwa hiyo na mtandio beba.

Na mume wangu avae rangi ya gauni langu?

Tai inatosha.