Ukianza sanamu ya nta, kaa kwanza na udongo

Wageni wengi wa kazi hii wana hamu ya kuyeyusha nta siku ya kwanza. Mimi nakusihi ukae na udongo mpaka sura ikubali. Nta haitengenezi sura, inanakili tu ilichokikuta kwenye kalibu, yaani ganda la plasta linalochukua umbo la udongo, hata alama ya ukucha uliyoisahau nyuma ya sikio.

Finyanga kichwa kizidi kidogo ukubwa wa kichwa cha mtu mwenyewe, kama asilimia 2, maana nta husinyaa ikipoa. Kalibu ya plasta igawe vipande kadhaa. Ukilazimisha viwili tu, masikio yatamegeka wakati wa kuifungua.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi. Weka sufuria ya nta ndani ya maji ya moto, usiiweke juu ya moto wenyewe, kwa sababu ikizidi joto hubadilika rangi na mvuke wake hushika moto. Lowesha kalibu ili nta isigandamane na plasta, kisha mimina mfululizo. Ukisitasita, mstari utabaki shavuni. Tabaka la nje likishaganda, mwaga nta iliyobaki katikati. Kichwa hutoka kikiwa wazi ndani, na huko ndiko macho ya kioo yanakopitia.

Nywele ndizo zinazopima subira. Unywele mmoja mmoja huchomekwa kwa sindano, kwa kufuata upande unaolala, na kichwa kimoja hula wiki kadhaa. Usiharakishe nyusi.

Rangi ya mafuta ipake nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Ngozi nyeusi usiipake kahawia moja: paji la uso mara nyingi limekolea rangi kuliko mashavu, na midomo ina rangi zaidi ya moja. Hapa ndipo sanamu nyingi za watu wetu huharibika, na inaniuma.

Tena, tunza kalibu. Marie Tussaud, mtengenezaji wa sanamu za nta na mwanafunzi wa daktari Philippe Curtius, alifinyanga sura ya Voltaire, mwandishi wa Ufaransa, mwaka 1777. Jumba la sanamu za nta lenye jina lake jijini London liliungua mwaka 1925, lakini kalibu nyingi zilisalimika na sanamu zikamiminwa upya. Bomu la vita la mwaka 1940 ndilo lililoteketeza kalibu za vichwa 352. Zako ziandike namba kila kipande, zifunge kwa kamba, na uziweke pakavu, mbali na chumba cha kuyeyushia nta.