Mvua ya kwanza siiamini mpaka niichimbe

Wahariri salamu. Swali lenu la wiki hii mmeuliza mtu mwenye bustani apande kwa kufuata kalenda au kwa kufuata hali ya hewa, na mi nimeona nijibu kwa urefu kidogo maana hili jambo limenigharimu mbegu nyingi na mpaka leo nikilikumbuka naumia. Kwangu kalenda ni ya kunishtua tu nianze kujiandaa, nisafishe, nichambue mbegu, nilete mboji. Ila siku ya kupanda naiuliza ardhi yenyewe.

Nina sehemu mbili. Matuta manne nyuma ya nyumba ambayo nayaona kila nikiamka, na kipande nilichokodi mwendo wa nusu saa kwa mguu, huko hakuna bomba wala kisima. Ya nyumbani ikikaukiwa unaibebea maji kwa ndoo, ile ya mbali ikikaukiwa ndo basi tena, kwa hiyo yote niliyojifunza kuhusu mvua nimejifunzia kule.

Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kirefu mno, halafu usiku ikapiga mvua ya kishindo mpaka tukaamka wote. Asubuhi nafika shambani udongo mweusi, harufu ile ya mvua imejaa, majirani wanapanda, na mimi nikapanda maharage yote niliyokuwa nayo sikubakiza hata punje. Siku ya 5 kimya, siku ya 8 kimya, siku ya 10 nikafukua. Mbegu zilikuwa zimevimba, ganda limepasuka, na kila moja imetoa kimzizi kirefu kama ukucha, kimekauka rangi ya kahawia. Yaani zilikunywa zikaanza safari halafu maji yakaisha njiani, na mbegu ikishaanza kuota hairudi nyuma ikalala tena. Nilipokwangua pembeni nikaona kosa langu, unyevu ulikuwa umeingia vidole viwili tu, chini yake vumbi tupu. Ardhi iliyopigwa na jua muda mrefu inakuwa na gamba juu, mvua kubwa ya ghafla inateleza inaenda zake mtaroni, na wewe unaona udongo umelowa kumbe umepakwa tu.

Toka siku hiyo nachimba kina cha kiganja kizima, nachukua udongo wa chini kabisa nauminya. Ukimeguka kama unga, bado. Ukishikana donge halafu nikiligusa kwa dole gumba linavunjika, napanda siku hiyo hiyo. Ukishikana ukang'aa na kuteleza kati ya vidole, natoka na sikanyagi kabisa, manake udongo ulioloa chepechepe ukiukanyaga unauminya hewa yote, na jua likija unakuwa tofali, hasa mfinyanzi. Na hata udongo ukikubali simwagi mbegu zote, napanda theluthi, nasubiri kama siku 10, napanda theluthi nyingine.

Kitu cha pili ni kopo. Chukua kopo lolote lenye kuta zilizonyooka, liweke wazi mbali na miti na paa, asubuhi pima kwa rula. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita 1 ya mraba, hesabu ni rahisi hivo. Tuta langu ni mita 1 kwa 4, kwa hiyo mvua ya milimita 20 imenimwagia lita 80, ndoo nane za lita 10 ambazo sikubeba. Ukiijua hii hesabu ndo unaelewa kwa nini kunyunyiza kandoo kamoja kila jioni hakusaidii, hiyo ni milimita mbili na nusu, inaloa juu tu, mizizi nayo inabaki huko huko juu ikifuata maji, halafu siku moja ya jua kali yote inanyauka. Bora umwagilie mara mbili kwa wiki maji ya kushiba, asubuhi, halafu ufunike kwa matandazo ya majani makavu unene wa vidole vinne, usiyagusishe na shina.

Na tukiwa kwenye maji, nyanya zinazooza kitako, lile doa jeusi chini ya tunda, jamani msikimbilie dawa. Ule sio ugonjwa wa kuambukiza. Kalsiamu inapanda kwenye mmea pamoja na maji, sasa ukiunyima siku nne halafu ukaufurikisha, tunda linakosa. Na joto la mchana likipita nyuzi 32 hivi maua ya nyanya yanadondoka, sio lazima mbolea imepungua, subiri hewa ipoe.

Mvua zikikolea na baridi ikaingia ndo nakaa macho kwa bakajani, ule ugonjwa wa ukungu unaobabua majani ya nyanya, manake unapenda majani yaliyoloa kwenye hali ya ubaridi na ukiingia unaweza kumaliza nyanya zote ndani ya wiki mbili. Nakata majani ya chini yasiguse ardhi, nafunga kwenye miti, naachanisha mashina upepo upite. Na maharage yakiwa na maji ya mvua au umande siyagusi hata kama magugu yamejaa, mikono ndo inayobeba magonjwa toka shina moja kwenda lingine. Wenye barafu ya alfajiri funikeni miche jioni kwa kitambaa, asubuhi mfunue.

Yote naandika kwenye daftari, tarehe, milimita, nilichopanda, mdudu wa kwanza nimemuona lini. Nikifungua kurasa za nyuma naona siku ya kupanda imetofautiana zaidi ya mwezi kati ya mwaka mmoja na mwingine, hapo hapo kwenye kipande kile kile.

Leo alfajiri kopo lilikuwa na milimita 6. Nimeenda, nimechimba, unyevu umeishia kifundo cha pili cha kidole. Majirani wawili tayari wanapanda, nimewaita wakaja wakatazama lile shimo langu, mmoja akafunga mfuko wake wa mbegu. Za kwangu bado ziko kwenye chupa.