Sindano ya Mikunjo: Nichome au Nisubiri?

Shikamoo, Mama Mshauri. Mimi ni mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 42. Ninaishi Kirumba na kufundisha ng'ambo, upande wa Sengerema, kwa hiyo kila siku ya kazi navuka na kivuko cha Kamanga asubuhi na kurudi alasiri. Tangu mwaka jana nimeona mistari miwili iliyosimama kati ya nyusi zangu, mingine midogo pembeni mwa macho, na mabaka ya kahawia mashavuni ambayo poda haiyafichi tena. Wanafunzi huniuliza kama nimekasirika wakati sina hasira yoyote. Katika saluni ninayosukia nywele huja mtaalamu kutoka Dar es Salaam mara moja kwa mwezi, anachoma kile anachokiita sindano ya kurudisha ujana kwa shilingi 450,000, na ameniahidi kwamba itaondoa vyote, mabaka yakiwemo. Mdogo wangu ana sendoff mwezi wa Desemba, na mgao wa kikoba chetu unatoka wiki moja kabla ya siku hiyo. Mume wangu bado sijamwambia. Je, nichome au nisubiri?
Mwalimu, Kirumba, Mwanza

Marahaba, Mwalimu. Umenieleza mambo matatu ambayo yote umeyapa jina la uzee, lakini kila moja lina chanzo chake. Sindano uliyoahidiwa, ikiwa kweli ndiyo ninayoidhani, inaweza kusaidia mistari ya kati ya nyusi na ile ya pembeni mwa macho. Kwa mabaka haifanyi lolote. Mtu anayekuahidi kwamba chupa moja itamaliza yote matatu, ama hajui anachokichoma, ama anajua na anataka fedha zako, na hilo peke yake lingetosha kunifanya nisimkabidhi uso wangu.

Tuanze na hiyo sindano, kwa sababu ndiyo iliyokufanya uandike. Dawa inayojulikana zaidi kwa jina la biashara la Botox hutokana na sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yule yule ambaye akiota katika chakula cha kopo kilichoharibika anaweza kumpoozesha mlaji. Sumu hiyo ikisafishwa na kutolewa kwa kipimo kidogo sana, huzuia neva zisitoe kemikali inayouamuru msuli ujikunje, hivyo msuli hulegea na ngozi iliyo juu yake hutulia. Madaktari wa macho ndio waliotangulia kuitumia, na mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe. Idhini ya kuitumia kwa urembo, kwa mistari hiyo hiyo ya kati ya nyusi, ilitolewa huko mwaka 2002. Dozi ya kawaida ya eneo hilo ni yuniti 20 zinazogawanywa katika sehemu tano. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku chache, hukamilika katika muda wa wiki mbili hivi, na hudumu miezi mitatu hadi minne, kisha msuli hurudi kazini kama zamani. Sitakuambia kwamba ni utapeli, kwa maana mikononi mwa daktari aliyefunzwa ni tiba inayofanya kazi, na madhara yake ya kawaida, kama maumivu ya kichwa, michubuko au kope moja kulegea kwa wiki kadhaa, hupita.

Hata hivyo, kabla ya kuulegeza msuli ni vizuri kujua kwa nini unajikunja. Karibu na umri wa miaka 40 lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na mtu asiyejua kwamba anahitaji miwani ya kusomea huanza kusogeza ukurasa mbali na kukunja uso ili herufi zitulie. Wewe unasahihisha madaftari ya darasa zima, pengine jioni, chini ya taa moja ya sebuleni. Fanya jaribio dogo: mwombe mtoto wako akupige picha kwa simu wakati unasahihisha, bila kukutahadharisha, halafu utazame nyusi zako katika picha hiyo. Kama zimekutana, pa kuanzia ni kwa mpima macho, kwa sababu ukichoma sindano na kuendelea kusoma kwa taabu, utakuwa umelipia miezi mitatu ya utulivu juu ya tatizo ambalo miwani ingelipunguza. Ninakiri kwamba mistari iliyokwisha kuchimbika haifutwi na miwani, lakini haitaongezeka kwa kasi ile ile, na huenda swali la wanafunzi kuhusu hasira likaisha lenyewe.

Jua nalo lina sehemu kubwa katika barua yako, ingawa hukulitaja. Mwanza iko kati ya nyuzi 2 na 3 kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi ya urujuanimno hutufikia kwa nguvu mwaka mzima, hata siku ambazo upepo wa ziwani unatufanya tusisikie joto. Watu wengi huulaumu mng'ao wa maji. Kwa kweli jua likiwa juu, maji hurudisha sehemu ndogo tu ya mionzi hiyo. Nyingi hutoka juu moja kwa moja na katika anga lote linalokuzunguka, na ndiyo maana abiria aliyesimama kwenye sitaha ya kivuko huungua hata akilipa jua kisogo. Kukaa ndani ya gari na kufunga kioo hakumalizi jambo pia, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia mionzi inayobabua ngozi lakini hupitisha sehemu kubwa ya ile inayopenya ndani na kuharibu nyuzi zinazoishikilia. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mwanamume wa miaka 69 aliyeendesha lori la kusambaza mizigo kwa miaka 28: upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa na makunyanzi mazito kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Yule alikuwa mtu mweupe, na ni kweli kwamba melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi zetu, inatukinga vizuri zaidi, ndiyo maana makunyanzi madogo madogo hutuchelewa kwa miaka mingi kuliko yanavyowawahi wao. Lakini ngozi nyeusi ina namna yake ya kuonyesha umri, nayo ni rangi kutokuwa sawa, yaani mabaka na madoa, mara nyingi kabla mkunjo wowote haujatokea. Mabaka ya mashavuni kwa mwanamke wa umri wako huchochewa na jua, na homoni, na urithi wa familia. Ukimwona daktari mtajie ujauzito uliopita na njia ya uzazi wa mpango unayotumia, kwa maana zile zenye homoni huweza kuyaleta au kuyakoleza.

Hapa ndipo wengi hupotelea kwenye mkorogo. Krimu zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali hung'arisha uso kwa wiki chache na kumfanya mtu aamini kwamba amepata dawa. Zikiendelea kutumika, haidrokwinoni huweza kuacha weusi wa kibuluu usiotoka, steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba hadi mishipa ya damu ionekane, na zebaki hudhuru figo. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini kwetu, nawe unajua kama ninavyojua mimi kwamba bado vinauzwa. Kama umewahi kuvitumia, usimfiche daktari. Hakuna kitu kinachozeesha uso wa mwanamke mweusi haraka kama kuuchubua, na ninasema hivyo nikijua kwamba wengi wanaouchubua wanatafuta ujana.

Kwa mabaka, basi, tiba ya kwanza ni losheni ya kukinga jua yenye SPF, yaani kipimo cha kinga, cha 30 au zaidi, ya kutosha kujaza urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, ipakwe kabla ya kutoka nyumbani na kurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Chagua yenye rangi inayokaribiana na ngozi yako, kwa sababu mwanga wa kawaida unaoonekana nao huyakoleza mabaka ya watu weusi, na oksidi za chuma zinazoipa losheni hiyo rangi ndizo zinazouzuia. Ongeza kofia pana ya ukili au mwavuli, na ukae upande wa kivuli kivukoni. Losheni nzuri si lazima itoke Ulaya: pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao wanalijua jua la Kanda ya Ziwa kuliko sisi sote. Daktari anaweza kukuongezea krimu ya tretinoini ya kupaka usiku, kiasi cha punje ya choroko kwa uso mzima, ambayo husaidia mabaka na mikunjo midogo pia. Huwasha na kubanduabandua ngozi mwanzoni, huhitaji miezi mitatu hadi sita ili uione kazi yake, na haitumiki kabisa kwa mjamzito au anayetarajia kushika mimba. Kuhusu kuchubua ngozi kwa asidi au kuipiga leza, usikubali isipokuwa kwa mtu aliyezoea ngozi nyeusi, kwa sababu jeraha dogo la joto au asidi kwetu huacha doa jeusi kuliko lile lililotibiwa.

Sasa turudi saluni. Sindano hiyo ni dawa, na kuichoma ni kazi ya daktari. Huyo mtaalamu muulize jina lake kamili, kisha uhakikishe kama yumo katika daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika. Mtu aliyesajiliwa hachukii kuulizwa. Omba kuona boksi likifunguliwa mbele yako, jina la dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na usajili wa TMDA, ambayo ndiyo inayosimamia dawa, wakati vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu mwaka 2019. Dawa yenyewe huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, kwa hiyo jiulize ilisafirije kutoka Dar es Salaam, na jokofu la saluni, ambamo pengine kuna soda za wateja, hufanya nini umeme ukikatika mchana kutwa. Mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitoa tahadhari baada ya wanawake wa majimbo kadhaa kuugua, na baadhi yao kulazwa, kwa kuchomwa sindano bandia au kuchomwa na watu wasio na sifa. Mtu yeyote aliyechomwa akianza kuona vitu viwili viwili, kushindwa kumeza, kuongea kwa taabu au kupumua kwa shida, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Wenye ugonjwa wa misuli kulegea, wajawazito na wanaonyonyesha hawapaswi kuchomwa kabisa. Na kama anachokiita sindano ya ujana ni fila, ile ya kujaza mashimo ya uso, hatari ni kubwa zaidi, kwani ikiingia katika mshipa wa damu huweza kuua ngozi au kupofusha jicho.

Kuhusu fedha, piga hesabu ya mwaka mzima. Mgao wa kikoba hutoka mara moja kwa mwaka, lakini sindano hurudiwa mara tatu au nne. Kwa bei uliyotajiwa, mara tatu ni shilingi 1,350,000, na bima za afya kwa kawaida hazilipii urembo. Tena, ukichoma wiki ya sherehe utaingia ukumbini na michubuko kabla matokeo hayajakamilika. Anayechoma kwa mara ya kwanza hujipa mwezi mmoja kabla ya shughuli. Kwa hiyo Desemba hii, kwa mpango huu, hapana.

Ushauri wangu ni kwamba upime macho wiki hii, uanze losheni kesho asubuhi, na uende kliniki ya ngozi pale hospitali ya Bugando ukiwa umeosha uso, bila poda. Ukishapita miezi minne au mitano na mistari ya kati ya nyusi ikawa bado inakukera, rudi kwa daktari muizungumzie sindano. Hutakuwa na haja ya kumwomba mtu yeyote radhi kwa kuichagua, kwa sababu kutaka kuonekana ulivyo moyoni si dhambi. Mume wako mwambie, si kwa kuomba ruhusa ya uso wako, bali kwa sababu ni lazima mtu wa nyumbani ajue ulichochomwa endapo kope italegea usiku.

Mama, mimi nauza dagaa Mwaloni, nina miaka 50. Nina vipele vidogo vyeusi, visivyouma, vimejaa mashavuni na chini ya macho, na marehemu mama yangu alikuwa navyo. Fundi mmoja anasema ataviunguza kwa asidi, vitadondoka kwa siku tatu. Nikubali?
Mfanyabiashara, Mwaloni

Hapana, dada yangu, asidi hiyo ikae mbali na macho yako. Vipele unavyovieleza vinafanana sana na vile ambavyo hurithiwa katika familia nyingi za watu weusi, huongezeka kadiri umri unavyosonga, na havina madhara. Ukitaka viondolewe kwa ajili ya sura tu, daktari wa ngozi huviunguza kijuujuu kwa umeme au kuvikata kwa mkasi mdogo baada ya ganzi. Mwombe aanze na viwili au vitatu karibu na sikio, msubiri wiki kadhaa muone kama vimeacha doa au kovu, hasa kama katika ukoo wenu kuna makovu yanayovimba. Kimoja kikianza kukua haraka, kutoa damu au kubadilika umbo, hicho usikisubirishe wala usikilinganishe na vya mama, kapimwe.