Tumepata faida kwenye mawese, tuigawane kabla ya Desemba?

SWALI: Sisi ni shirika lisilo la kiserikali hapa Ujiji, tunasomesha yatima. Tulinunua mashine ya kukamua mawese ili tujiendeshe, na msimu huu imebaki fedha nzuri baada ya gharama zote. Mtu aliyetusaidia kusajili anasema NGO hairuhusiwi kuonyesha faida, hivyo wajumbe wa bodi tujiandikie posho mpaka hesabu isome sifuri. Ni sahihi?

JIBU: Si sahihi, na naomba msiziguse fedha hizo. Ushauri huu naukuta Kigoma mjini, naukuta Kasulu, kila mashirika yanapokaribia kufunga hesabu, na unaniumiza kwa sababu unawaingiza watu wema kwenye kosa walilokuwa wanalikimbia.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inaruhusu shirika lililosajiliwa kutafuta fedha kwa njia halali. Marekebisho ya 2019 yakaweka wazi kwamba NGO ni chombo kisichogawana faida. Kwa hiyo ziada ikilipa ada, ikinunua madaftari, ikitengeneza mashine au ikikaa benki kusubiri shule zifunguliwe Januari, hakuna aliyekosea. Ziada hiyohiyo ikiingia mfukoni mwa mjumbe kwa jina la posho ya kikao ambacho hakikufanyika, mmegawana, hata karatasi zote ziwe na saini. Mkaguzi hatishwi na jina mliloyapa malipo. Ataomba muhtasari wa kikao na orodha ya mahudhurio, kisha atauliza kazi gani ilifanyika. Kijana anayesimamia mashine anafanya kazi kweli: mpeni mshahara wake, kateni PAYE, yaani kodi ya mshahara, basi. Na hesabu inayosoma sifuri kila mwaka ndiyo inayomtia shaka mfadhili.

Upande wa kodi, cheti cha Msajili wa mashirika haya si msamaha. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kutambuliwa kuwa taasisi ya hisani ni uamuzi wa Kamishna wa TRA, mamlaka ya mapato, nanyi ndio wa kuuomba kwa maandishi. Bila uamuzi huo, faida yenu inatozwa asilimia 30 kama ya kampuni yoyote. Hata mkiupata, mashine ni biashara: itengeeni daftari lake, na kila dumu linalouzwa litolewe risiti. Biashara ikikua na katiba ikiruhusu, fikirieni kuisajilia kampuni BRELA, wakala wa kusajili kampuni, shirika likiwa mmiliki.

Sasa kuhusu vishoka, hao wasajili wa mitaani kama aliyewashauri ninyi. Wanauza katiba moja kwa kila anayekuja, wanabadilisha jina la shirika tu. Nimesoma katiba za wafuga nyuki zenye malengo ya kituo cha watoto. Kishoka hasaini taarifa yenu ya mwaka kwa Msajili, hayupo mkaguzi anapofika, na TRA wakidai kodi ya nyuma simu yake haipokelewi. Wanaobaki kuulizwa ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu yupo kazini kwa maswali haya haya, na kumuuliza hakulipiwi.

Kabla ya kikao kijacho, tafuteni kwenye katiba yenu kifungu kinachoruhusu miradi ya kuzalisha kipato, na kile kinachoeleza mali zitakwenda wapi shirika likivunjwa. Kama havimo, anzeni na marekebisho ya katiba, na fedha za mawese zikae benki kwa jina la shirika.