Mwalimu, mbona "frater altius" nimekoseshwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha pili seminari. Kwenye jaribio la Kilatini niliandika frater meus altius est quam ego, yaani kaka yangu ni mrefu kuliko mimi, nikawekewa mkasi. Si kaka ni wa kiume, na -us ni ya kiume? Mwenzangu anasema niwe naweka tu magis, yaani "zaidi", mbele ya kila neno, eti sitakosea tena. Ni kweli?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hii altius nakutana nayo kila mwaka. Jicho limeshazoea dominus, likiona -us linasema mwanaume. Sasa -ius hapa sio ya kiume hata kidogo, ni ya neutra, isiyo ya kiume wala ya kike, kama flumen altius, mto wenye kina zaidi. Kaka na dada wanagawana altior, halafu altioris, altiori, wingi altiores, na neutra altiora sio altioria, maana umeshatoka kundi la altus umehamia kundi la tatu la kubadilisha miisho. Ndo maana Wajesuiti wanasema ad maiorem Dei gloriam, kwa utukufu mkuu zaidi wa Mungu, gloria ni ya kike na bado ni maiorem.

Tena altius hiyohiyo ni kielezi, "juu zaidi". Ile Citius, Altius, Fortius ya Olimpiki watu wanaitafsiri mwepesi zaidi, mrefu zaidi, kumbe haimwelezi mwanariadha, inaeleza anavyofanya: kwa kasi zaidi, juu zaidi, kwa nguvu zaidi.

Ila hiyo magis ndo inanichosha kabisa. Sisi Kiswahili chetu "zaidi" inakaa na neno lolote, basi mtu anaona Kilatini nacho kiko hivyohivyo. Magis kazi yake hasa ni kwa maneno kama idoneus, "anayefaa", yenye irabu kabla ya -us, hapo sawa, magis idoneus, anayefaa zaidi, maxime idoneus, anayefaa kabisa. Sio magis bonus wakati melior, "bora zaidi", ipo!

Na wanaowafundisha hivi ni hawa wanaouza vikaratasi vya Kilatini cha wiki moja, magis kwa hili, -issimus ya "sana" kwa lile, umemaliza, mtoto analipa hela ya mzazi anarudi ananiandikia pulchrissimus na facilissimus. Sifa zinazoishia -er, kama pulcher, "mzuri", zinachukua -rimus, pulcherrimus, miserrimus. Za -illimus ziko sita tu, facilis, "rahisi", difficilis, similis, dissimilis, gracilis, humilis, jioni moja umezishika, na utilis, "yenye manufaa", haimo, yenyewe ni utilissimus. Kuna mwenye karatasi angekwambia utilis haimo? Hawezi, hajui.

Karatasi hizohizo zinasema -issime ni kielezi, nukta. Fungua Misa ya Kilatini, Te igitur, clementissime Pater. Mwanafunzi wa karatasi atatafsiri "kwa huruma sana, Baba", wakati pale Baba anaitwa, ni sifa yake iko kwenye hali ya kuita: Baba mwenye huruma sana.