Kabla hujabeba gitaa uende Nashville, soma hii kwanza

Wengi wenu mnanitumia meseji mkiuliza vile mtu anaingia hii kazi ya kuandika na kuprodyuzi nyimbo za country huku Nashville, Marekani, hasa vijana wa Nakuru na Eldoret waliolelewa na Don Williams kwa redio ya baba kila Jumapili kama mimi. Wacha niwaambie vile nimeona kwa hii miaka sita, na sijatajirika, usije ukadhani.

Tuanze na huyo Don mwenyewe, yule mwimbaji wa country wa Marekani. Ile I Recall a Gypsy Woman ambayo ikipigwa kwetu wazee wanaacha chupa na kusimama, iliandikwa na Bob McDill na Allen Reynolds, na huyo Reynolds ndiye pia aliprodyuzi Crystal Gayle na baadaye Garth Brooks. Sasa uliza mtu yeyote huko nyumbani Reynolds ni nani, atakuangalia tu. Kazi yetu iko hapo, kwa yale maandishi madogo nyuma ya kava. Kama roho yako inataka makofi, nenda ukaimbe, hakuna ubaya.

Alafu hapa karibu hakuna mtu anaandika peke yake. Watu wanapeana miadi kama ya daktari, saa nne unusu asubuhi, mnaketi wawili au watatu kwa kachumba huko Music Row, mtaa wa ofisi na studio za muziki, kila mtu na kahawa yake, mnapiga stori mpaka mstari utoke. Mimi nilikuwa natoka shifti ya usiku ya kuangalia wazee saa moja, nalala kwa gari masaa mawili, naosha uso kwa petroli stesheni, naingia. Watu wataniambia niache hio kazi nijitolee kwa muziki, lakini nani analipa rent? Na wimbo wangu wa kwanza kurekodiwa ulitoka huko huko kazini. Kulikuwa na mzee mmoja, kila jioni lazima aniulize kama nimefunga geti la ng'ombe, na ng'ombe wenyewe waliuzwa kitambo sana. Nikawa namjibu nimefunga mzee, lala. Asubuhi moja nikawaambia wenzangu hio tu, hata sikuwa nimeileta kama wimbo, nikaona wote wameweka vikombe chini.

Sasa hapa sikiza vizuri. Tulikuwa watatu, na desturi ya Nashville ni kugawana sawa, ukiwa kwa chumba uko kwa wimbo hata kama ulileta neno moja. Lakini hatukuandika popote, tulisalimiana tukaenda zetu. Miezi minane baadaye naona karatasi imekuja nina asilimia 20 na kuna mtu wa nne simjui, eti alinyoosha korasi. Nilibishana mpaka nikachoka nikaacha. Siku hizi sifungi begi la gitaa kabla sijaandika kwa simu jina la wimbo, tarehe, majina kamili, asilimia ya kila mtu na kama amejiandikisha ASCAP, BMI ama SESAC, yale mashirika yanakusanyia waandishi pesa zao, alafu nawatumia wote hapo hapo na nangoja kila mmoja ajibu sawa. Inachukua dakika mbili. Ni kweli utaona aibu, mimi mara ya kwanza nilijifanya nakohoa ndio nitoe simu.

Na hesabu yenyewe ni ndogo. Kuanzia 2006 nakala moja ya wimbo wa kawaida ikiuzwa waandishi walikuwa wanapata senti 9.1 za dola, 2023 ikapanda ikawa 12. Kwa hivyo kwa hio bei ya 2023 nakala 10,000 zilikuwa dola 1,200, mkiwa watatu ni 400 kila mtu, na kama una pablisha, ile kampuni inasimamia nyimbo zako, anayechukua nusu unabaki na 200. Pesa ya maana iko kwa redio, sababu Marekani redio za kawaida zinalipia waandishi na huyo mwimbaji hazimlipi. Na pablisha akikupa hela ya kila mwezi usiite mshahara, ni deni, litakatwa kwa nyimbo zako.

Upande wa uprodyuza, ujinga wangu mkubwa ulikuwa siku ya demo yangu ya kwanza, yaani rekodi ya kuonyesha wasanii wimbo. Sesheni ni masaa matatu na unatarajiwa utoe kama nyimbo tano, na wale wanamuziki unawalipa. Mimi nimekuja na makaratasi nimeprinti vizuri, chords za G, C na D. Mwimbaji akajaribu, iko chini sana kwa sauti yake, anataka tuhamishe wimbo kwa ki ya B flat. Nikaanza kufuta na kuandika upya, watu watano wamenyamaza saa inakimbia, ndio mzee wa steel gitaa akachukua karatasi akageuza nyuma, akasikiza demo ya simu mara moja tu huku anatafuna karanga, akaandika kwa penseli 1 4 1 5. Basi. Huku kila chord inaitwa kwa namba ya nafasi yake kwa ki, kwa hivyo ukihamisha ki namba hazibadiliki. Jifunze hizo namba ukiwa bado Kenya, haihitaji viza. Na ki ya mwimbaji iulize siku moja kabla.

Ukifika, Jumatatu enda Bluebird Cafe, iko katikati ya maduka tu huwezi amini, viti kama 90, ni usiku wa mtu yeyote kujaribu. Usiongee watu wakiimba, watakunyamazisha.

Saa hii nina wimbo mmoja msanii ameomba ushikiliwe, maana yake nisimpe mwingine, na hakuna hata senti wanalipa kwa huo muda. Huu ni mwezi wa saba nangoja. Mama akipiga simu Jumapili anauliza kama Don ameuchukua, namwambia mama, Don alifariki 2017, anasema basi mpatie yule mwingine.